Neno Nililomfundisha Mjapani

Shida zangu zilianza mwaka wa 1972, nikiwa na miaka minane. Ninyi mnaosoma safu hii mnaijua habari hiyo, nimeisimulia mpaka mmechoka: jinsi mimi na mama tulivyokimbia mauaji tukavuka ziwa kwenda upande wa Kigoma, jinsi nilivyoacha shule darasa la tatu, jinsi nilivyorudi Rumonge kijana wa suruali moja na kuanza kubeba bidoni, yaani madumu, za mawese, na jinsi ambavyo sikupewa kitu na mtu yeyote. Hilo la mwisho nimelirudia kuliko yote. Leo naanza hapo hapo, ila si kwa kujisifu. Wiki mbili zilizopita nililetewa kifurushi kutoka Japani, ndani yake kitabu kimoja na barua, na barua ikasema kwamba mwandishi wa kitabu hicho amefariki kwa ugonjwa wa moyo, mezani pake pa kazi. Wiki hiyo hiyo mzee mmoja wa Nyanza-Lac alikuja dukani kwangu kuniuliza kama ni kweli ukoo fulani wa hapa Rumonge ni wa walozi, maana mtoto wake anataka kuoa humo na wao wanaogopa sumu. Nikamwambia arudi Ijumaa. Mambo haya mawili ni jambo moja, na katikati yake nimesimama mimi.

Marehemu alikuja hapa miaka miwili kabla ya vita. Alikuwa na miaka kama ishirini na mitano, mwembamba, miwani mikubwa, na adabu ya kuinamia kila mtu, hata mbuzi akimpisha njiani. Alitumwa kuwafundisha wanawake kuanika ndagala, yaani dagaa, juu ya meza za waya badala ya kuzimwaga mchangani. Wanawake ambao mama zao na bibi zao walianika ndagala maisha yao yote walimsikiliza kwa upole, wakacheka alipogeuka, na mwaka haukuisha kabla ya wote kuanika kwenye waya, kwa sababu alisema kweli. Watoto walimwita Mushinwa. Kila mara alisimama kuwaeleza kwamba Uchina ni kwingine, nao wakamjibu kwa pamoja, "Ndiyo, Mushinwa!" Mradi wake ulitaka mtu mwenye Kiswahili kizuri wa kumfundisha na kumfuata kila aendako, kutoka Gitaza mpaka Kigwena. Mimi nilikuwa na Kiswahili cha Kigoma, nikachukuliwa. Nikapewa mshahara, na Mjapani mwenyewe akaninunulia baiskeli nyeusi, akasema mwalimu hawezi kutembea kwa miguu wakati mwanafunzi amepanda. Mwalimu! Mimi wa darasa la tatu. Alikuwa mtu wa kwanza duniani kuniita hivyo, na hakuacha mpaka alipokufa.

Alikuwa na daftari alilokuwa halitoi mkononi. Kila neno nililolisema aliliandika, kwa herufi zao na kwa herufi zetu. Siku moja nikamuuliza kama anaandika ripoti. Akasema hapana, anaandika hadithi. "Za nchi gani?" nikamuuliza. "Za nchi zisizokuwepo," akajibu. Nikamwuliza kama kuna mtu mzima anayenunua habari za nchi isiyokuwepo. "Bado," akasema, kwa unyofu kabisa, kama mtu aliyeulizwa kama mvua imenyesha. Nilicheka mpaka nikashuka kwenye baiskeli.

Sasa sikilizeni neno lenyewe. Huku mwambaoni mtu wa kuvua samaki mara nyingi tunamwita kwa Kirundi: murovyi. Na kuna neno lingine linalokaa jirani nalo, mulozi, ambalo Kirundi kinalivuta kuwa murozi. Huyo ndiye mtu wa sumu, yule ambaye ukila kwake hurudi kwako mzima. Mtoto wa hapa hawezi kuyachanganya. Mjapani, ambaye ulimi wake haukujua tofauti ya ra na la, aliyachanganya siku ya kwanza.

"Mu-ro-bi," akasema.

"Murovyi."

"Mu-ro-ji."

"Vyi! Vyi! Uma mdomo wa chini."

Akauma mdomo, akakaza macho, jasho likamtoka. "Murozi."

Nikatazama pembeni nisicheke. "Hapo umepata," nikamwambia. "Hivyo hivyo. Andika."

Akaandika. Nataka mjue kwa nini, maana sikuwa na chuki naye hata kidogo. Mtu yule alikuwa na chuo kikuu, alikuwa amepanda ndege, alijua mambo ya chumvi na jua kwa hesabu. Mimi nilikuwa na mgongo wenye alama za bidoni. Ilikuwa tamu kuona kosa kwenye daftari la msomi, kosa ambalo nalijua mimi peke yangu. Ndivyo ilivyokuwa, sina maelezo mengine.

Mvuvi wa kwanza aliyepewa neno hilo alikuwa mzee mmoja wa mtaa wa Waswahili, mtu wa kofia nyeupe, aliyekosa kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Kamba ya wavu ilikikata. Mjapani alimwendea pale pwani, akainama. "Amahoro, murozi!" Yule mzee akamtazama, kisha akacheka mpaka akakohoa. "Amahoro, Mushinwa! Umenijuaje? Kuja basi nikuroge na mukeke!" Mukeke ni samaki wa ziwa letu. Pwani nzima ikacheka. Mzee alielewa kwamba ni ulimi, si moyo. Tangu siku hiyo Mjapani alikula kwake karibu kila wiki. Na mzee alifanya kama tunavyofanya wote hapa: alimega kipande karibu na kichwa cha samaki, akala yeye kwanza, ndipo akasogeza sahani kwa mgeni. Mjapani akaniuliza maana yake. Nikamwambia ni heshima tu. Kama ningemwambia kwamba mwenyeji anaonja kwanza ili mgeni ajue hakuna sumu, ingebidi nimtajie mtu wa sumu anaitwaje.

Kisha Mjapani akaugua. Homa, kutapika, macho ya njano. Tulimfikisha kwenye kituo cha afya mchana, benchi limejaa akina mama na watoto wao. Muuguzi akamwuliza alichokula, kama wanavyouliza wote.

"Mukeke," akasema.

"Uliukula wapi?"

"Kwa murozi. Murozi alinipa mukeke."

Mama mmoja akamvuta mtoto wake kifuani. Muuguzi akanigeukia. "Weye, huyu anajua kitu anachosema?" Na mlangoni alikuwa amesimama mkubwa wa mradi, aliyefika kutoka Bujumbura asubuhi ile, funguo za gari mkononi. Akauliza bila hasira, "Nani alimufundisha Kiswahili huyu?" Nikasema, "Ni mimi, chefu." Akasema, "Basi amekosea, ao ni hivyo?"

Nilikuwa na neno moja tu la kusema. Murovyi. Watu wangecheka, mimi ningeaibika, labda ningerudishwa kwenye bidoni. Nikaiona baiskeli yangu kupitia dirishani, imeegemea ukuta. Nikajibu: "Amesema alichosema."

Maneno mawili tu. Nimekamua mawese tani na tani, nimebeba mizigo iliyovunja watu wakubwa kuliko mimi, lakini sijabeba kitu kizito kama hayo mawili.

Damu ilipimwa, ikaonekana malaria. Matokeo ya damu yalibaki kwenye kijitabu cha kituo; neno lilikuwa limeshatoka nje na akina mama wale. Na ule mzaha wa mzee, "kuja nikuroge na mukeke," ambao pwani nzima iliucheka, sasa pwani nzima ikaukumbuka kwa sura nyingine. Hakuna aliyempiga. Hakuna aliyemshitaki. Watu walipita tu mbele ya beseni lake wakanunua kwa jirani. Alipokaribisha mtu, alimega akala, akamega tena akala, na mkono wa mgeni haukutoka mfukoni. Alinijia mimi. "Mwalimu," akasema, maana mji wote ulikuwa umeshaniita hivyo, "weye unajua ulimi wa yule kijana. Uwaambie." Nikamjibu, "Nitasema, mzee wangu. Acha kwanza apone." Mjapani akapona. Mimi sikusema. Mzee akauza wavu wake, akahamia Kigwena na mke wake na binti yao, akawa mtu wa kukata mikungu ya michikichi, yeye ambaye hajawahi kupanda mti tangu azaliwe.

Mjapani aliporudi kutoka kuuguzwa Bujumbura alikuwa na zawadi mkononi, donge kubwa la uzi wa nailoni, wa kushonea nyavu. "Murozi yuko wapi?" Nikamwambia amehamia kwa ndugu zake. Akanipa uzi nimfikishie. Ule uzi ulikuwa imara kweli. Niliufungia mizigo kwenye baiskeli miaka minne.

Vita vilipoanza aliitwa kwao. Nilidhani yameisha, lakini barua zikaanza kuja, kwa Kiswahili kile kile nilichomfundisha, na makosa yote ndani yake yalikuwa yangu. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha tambi, akaandika alfajiri kabla ya zamu. Miaka mingi kila aliyepelekewa maandishi yake aliyarudisha. Baadaye akaanza kuyaweka kwenye kompyuta sura moja moja, bure, vijana wakawa wanasoma kwenye treni, hadi mchapishaji akamtafuta yeye. Ni vitabu vidogo, vinaingia mfukoni, vina picha za kuchorwa zenye macho makubwa. Binti yangu, ambaye ni mwalimu wa kweli, wa cheti, alinisaidia kuelewa hadithi kutoka kwenye barua. Kijana wa mjini kwao anagongwa na lori, anafumbua macho kwenye ufuko wa ziwa katika nchi nyingine, hana nguvu yoyote, hana jina. Anaokotwa na mzee. Katika nchi ile kuna wafalme, kuna mazimwi na watu wa panga, lakini wakubwa kuliko wote ni watu wa wavu, wanaotupa nyavu ziwani kuokoa kila kitu kilichopotea, hata majina ya watu. Watu hao wanaitwa murozi. Mfalme akikutana na murozi anashuka kwenye farasi.

Aliandika vitabu kumi na vinane vya murozi, na kila kilipotoka alinitumia kimoja. Kwenye jalada la kile cha kwanza kulikuwa na mzee wa kofia nyeupe, mkono wa kushoto una vidole vinne. Nilimtambua kabla sijakitoa chote kwenye karatasi. Nikakirudisha, nikakitia kwenye sanduku la bati, na vilivyofuata vyote vikaingia humo humo. Wageni wakija nilijivuna kwamba nina rafiki mwandishi huko Japani, lakini majalada sikuyaonyesha. Mara moja aliniandikia: "Mwalimu, huku neno lako limekuwa heshima. Vijana waliokata tamaa wananiandikia kwamba wanataka kuwa murozi. Mzee murozi anaendelea vizuri?" Mzee alikuwa amezikwa Kigwena mwaka mmoja kabla, na mimi nilikuwa kwenye mazishi. Nikamjibu: "Yuko, anakusalimu." Nikamtumia mtu salamu za maiti. Akafurahi sana.

Nilimcheka kijana yule kwa sababu niliamini kazi ni ile inayoumiza bega. Nimewahubiria hivyo na ninyi hapa, mara nyingi. Lakini mtu aliyeamka alfajiri miaka thelathini kutupa wavu kwenye nchi isiyokuwepo, na kila mara akavuta kitu cha kumpa kijana mwenye huzuni kwenye treni, huyo alifanya kazi kuliko mimi. Tena aliifanya kwa neno bovu nililomuuzia. Alilichukua likiwa na sumu, hakujua, akalipeleka kwao, likawa zuri. Sisi tuliojua maana ya neno ndio tulilitumia kumfukuza mtu. Na msidhani ni mambo ya zamani. Wakati ule neno lilikwenda kwa miguu, kutoka benchi la kituo cha afya mpaka pwani lilichukua saa moja. Leo linakwenda kwa simu, kabla mgonjwa hajapimwa damu mtu wa Nyanza-Lac ameshalipata. Kila mmoja anasema, mimi nimetuma tu kama nilivyotumiwa. Amesema alichosema. Nawajua ninyi, maana najijua mimi.

Kifurushi cha mwisho kilitumwa na dada yake. Kitabu cha kumi na nane, alichokimaliza wiki chache kabla ya kufa. Kwa desturi yao mwandishi huweka maneno yake mwenyewe ukurasa wa mwisho, kuwashukuru watu. Katikati ya herufi zao kulikuwa na mstari mmoja wa herufi zetu, na binti yangu akausoma kwa sauti: "Asante Mwalimu. Asante murozi wa Rumonge." Akainua uso. "Baba, huyu anamshukuru mulozi gani?" Ndipo nilipomweleza. Hajaniuliza chochote tangu siku hiyo. Chai ananiletea, anaiweka mezani, anatoka.

Nikachukua kitabu nikaenda sokoni. Binti wa yule mvuvi anauza ndagala hapa Rumonge, alirudi baada ya wazazi wake kufa, na ni binti yake ndiye anayeposwa na watu wa Nyanza-Lac. Nilimkuta anapepeta. Jirani yake mwenye meza ya chumvi akanipigia kelele, "Ee Mzee, leo iko namna gani? Matajiri wanajinunulia ndagala wenyewe?" Nikampa yule mama kitabu. Akafuta mikono kwenye kitenge, akalitazama jalada: mzee wa kofia nyeupe, sahani ya samaki, kijana wa miwani mbele yake, na mkono wenye vidole vinne unamega kipande cha kwanza.

"Huyu ni baba," akasema.

"Ni yeye."

"Mbona Washinwa wamemuchora?"

Nikamweleza yote, nimesimama, kwa sauti ya kusikika na meza zote, kwa sababu neno lilisemwa mbele ya watu. Jirani wa chumvi aliacha kupima chumvi. Yule mama alinisikiliza mpaka mwisho, hakulia. Nilitarajia matusi, nilikuwa tayari kwa matusi.

"Mzee," akasema, "kwenye matanga ya baba ulikuja Kigwena."

"Nilikuja."

"Nilikuletea sahani mimi mwenyewe. Ukakula."

"Nikala."

"Lakini ulingoja nimege kwanza."

Niliapa nisiseme uongo tena katika jambo hili, basi nikasema: "Niliongoja." Hata kutamka sikuweza sawasawa. Mimi, ambaye peke yangu katika nchi hii nilijua kwamba baba yake hakuwa na sumu, nilikaa juu ya mkeka wa msiba wake na kungoja binti yake aonje.

Akakifunga kitabu, akakiweka juu ya magunia, jalada juu. "Hiki kitabaki hapa," akasema. "Na weye si unaandika mu gazeti? Andika."

Ijumaa mzee wa Nyanza-Lac alirudi kama nilivyomwambia. Akaketi, akaulizia habari za nyumbani, kisha akalileta swali lake kwa heshima. "Kwa hiyo, Mzee, yule babu alikuwa mulozi?" Nikamjibu, "Alikuwa murovyi. Mulozi ni mimi." Nikamsimulia. Akaomba maji. Nikamletea bilauri, nikaonja kidogo kama desturi, nikamwekea mbele. Aliitazama bilauri ile, akanishukuru, "Murakoze, Mzee," akainuka bila kuigusa. Duka langu linatazama soko. Nilimwona akivuka barabara, akapita meza ya chumvi, akasimama kwa mama wa ndagala. Sikusikia walichosema. Nilimwona akiinama, akachota ndagala kwenye beseni, akazitia mdomoni kabla yule mama hajanyoosha mkono.

Kama mnataka funzo, chukueni hili kutoka kwa mtu wa darasa la tatu. Ukimsikia mtu anasema kosa linaloweza kumwangukia mwingine, na wewe unajua neno lililo sawa, liseme hapo hapo, benchi likiwa bado limejaa. Ukilisema baadaye utalisema peke yako. Mimi nimelisema nikiwa na mvi, aliyelihitaji yuko chini ya ardhi Kigwena, na aliyeniita Mwalimu amekufa akiamini nilimfundisha vizuri.

Nilivyo navyo leo ni hivi. Nyumba mbili za matofali. Shamba la michikichi. Mashine moja ya kukamua mawese. Duka la sabuni na mafuta. Pikipiki. Mbuzi sita. Vitabu kumi na saba nisivyoweza kusoma. Baiskeli moja nyeusi, haina breki, nilipewa.